Nichoree Nyumba Yetu: Mikono Iliyojifunza Kuchora Huku Kwetu



Mimi nina lisanse ya historia. Ukiniuliza reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani hapa mwaka gani, nitakujibu 1915 bila kufungua kaye. Ukiniuliza nani alijenga boma la Albertville mwisho wa 1891, nitakuambia ni Jules Jacques, afisa Mbelgiji. Lakini nkambo wangu, mama ya mama, aliniomba kitu kidogo, na lisanse yangu haikunisaidia kitu.

Nyumba yake ilikuwa karibu na maji. Babu alifanya kazi ya reli, na ile nyumba ya matofali ndiyo alimwachia. Nyinyi wa Kalemie munajua vile ziwa lilianza kupanda kuanzia 2020. Kwanza maji yalifika uani, tukasema yatarudi. Yakafika kwenye barza. Mwaka 2024 ukuta wa upande wa ziwa ulilala chini, na nkambo akahamia kwetu na sanduku moja na jiko lake. Picha za fami zilikuwa kwenye bahasha chini ya kitanda. Zilitoka zikiwa zimeshikana kama mkate, na tulipojaribu kuzitenganisha sura za watu zilibaki kidoleni.

Macho yake yameingia ukungu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na pesa za operesheni bado tunazitafuta. Siku moja akaniambia: "Weye ulisoma miaka mitano. Nichoree nyumba yetu niione mbele macho hayajafungwa."

Nikachukua karatasi, nikachora. Kibanda, paa la pembe tatu, mlango katikati, dirisha mbili, jua kwenye kona na mistari yake. Akaisogeza karibu na pua, akaitazama mara mingi. Kisha akauliza kwa upole: "Hii ni nyumba ya nani?"

Swali lile ndilo lilinifanya nijifunze kuchora nikiwa na miaka 27. Kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, sikuanza kwa kutafuta mwalimu. Nilianza kwa kutafuta wale waliojifunza mbele yangu katika sehemu zetu hizi, Tanganyika, Katanga na jirani. Nilitaka kujua walianza na nini, na nani aliwaonyesha. Nimeandika hapa yale niliyopata, pamoja na mazoezi niliyoyatoa humo, kwa yeyote anayesema "mimi sina kipaji".

Tuanze na mto Lukuga

Darasa langu la kwanza la kuchora ni ugomvi wa wazungu juu ya mto wetu. Mnamo Mei 1874, Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la maji la Uingereza, alifika mdomo wa Lukuga akasema: hapa ndipo ziwa Tanganyika linatokea. Mwaka 1876 Stanley akapita na mashua yake, akakuta matete na matope, maji yamesimama. Akaona Cameron amesema mapema mno. Miaka mitatu baadaye Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society, na baada yake Joseph Thomson, wakakuta Lukuga inakimbia kwa nguvu kwenda magharibi.

Nani alikosea? Leo tunajua ziwa lilikuwa linapanda miaka ile, na mdomo wa mto ulikuwa umezibwa na majani na udongo. Karibu 1878 maji yalifika juu kabisa, yakavunja kile kizuizi, na ziwa likashuka kwa mita karibu kumi katika miaka iliyofuata. Kila mmoja alifika siku yake na kukuta mto wa siku hiyo. Shida ilianza pale mtu alipochukua alichokiona siku moja na kukifanya sheria ya siku zote.

Mimi niliyechora nyumba ya nkambo nilifanya vibaya kuliko wao, maana mimi sikuangalia kabisa. Nilichora neno "nyumba". Sisi wote tuna michoro kichwani: nyumba ni pembe tatu juu ya mraba, jicho ni samaki, mti ni fimbo yenye wingu. Tulijifunza alama hizo tukiwa na miaka sita, na hatukuzibadilisha. Mtu anayeanza kuchora mkono wake hauna kosa kubwa. Mkono ulioandika mtihani wa Serikali unaweza kuvuta mstari. Kinachochelewa ni jicho, maana kabla halijamaliza kuangalia, kichwa kimekwisha kujibu.

Dawa niliyoipata ni ya kuchekesha lakini inafanya kazi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Betty Edwards, aliandika mwaka 1979 kitabu kilichosambaza zoezi la kunakili picha iliyogeuzwa juu chini. Mimi nilichukua noti ya franka 100, nikageuza ule uso wenye tembo, miguu ya noti juu, nikanakili. Ukiigeuza, kichwa hakioni tena tembo, kinaona mistari tu: huu unapinda hivi, ule unakutana na huu hapa. Nilipomaliza na kugeuza karatasi yangu, nilishangaa. Alikuwa tembo. Mgonjwa kidogo, lakini tembo. Na noti ilibaki mzima, nikanunulia karanga.

Mwezi mpya wa Watabwa

Watu wa kusini mwa mji wetu, kuelekea Mpala na Moba, walichora zamani kabla karatasi haijafika. Watabwa walikuwa na alama moja wanayoiita balamwezi, yaani kuzuka kwa mwezi mpya. Ni pembe tatu zinazofuatana, moja baada ya nyingine, kwenye mikeka, vikapu, viti, sanamu za mababu, na hata kwenye ngozi ya mwili kwa chale. Mwezi ukipotea usiku ni giza, na giza ni hatari. Mwezi mpya ukizuka, mwanga umerudi. Pembe tatu zile zinabeba mambo yote mawili.

Leo Mtabwa kijana akitaka kuona kazi kubwa za mababu zake, itabidi aangalie picha zilizopigwa kwenye museo za Ulaya. Mwisho wa 1884 Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, alituma watu wake kumpiga chifu Lusinga. Lusinga aliuawa, kichwa chake kikachukuliwa, na sanamu ya ukoo wake ikaenda Ubelgiji. Iko Tervuren mpaka leo. Nayataja haya kwa sababu vijana wengi wanadhani kuchora ni kitu kilichokuja na wamisionari na kreyoni. Mistari ilikuwa hapa. Iliyosafiri ni vitu vyenyewe.

Kwa anayeanza, balamwezi ni mazoezi bora ya mkono. Chukua ukurasa mmoja wa kaye. Chora safu ya pembe tatu kutoka kushoto mpaka kulia bila lati, bila gomu, zote ziwe na ukubwa mmoja. Kisha safu ya pili chini yake, ncha zikigusana. Jaza moja kwa mistari ya kulala, acha moja nyeupe, jaza nyingine. Siku ya kwanza zangu zilikuwa kama meno ya mzee. Baada ya wiki mbili zilisimama. Nilijifunza mambo matatu: kuvuta mstari kwa bega badala ya vidole, kuangalia fasi mstari unakwenda badala ya kuangalia ncha ya kreyoni, na kuona kwamba ile nafasi nyeupe katikati nayo ina umbo. Hili la mwisho ni kubwa. Ukitaka kuchora kiti na kinakushinda, chora zile nafasi tupu kati ya miguu yake. Kiti kitajitokeza chenyewe.

Bukama, 1926: ukuta unatosha

Kisingizio changu cha pili kilikuwa vifaa. Nikasema, Kalemie nitapata wapi rangi nzuri, karatasi nzito, kreyoni za namba tofauti? Kisha nikamkuta Albert Lubaki.

Mwaka 1926, Bukama, kwenye reli na mto Lualaba, mtumishi wa serikali ya Ubelgiji aitwaye Georges Thiry aliona nyumba za udongo zilizochorwa ukutani: wanyama, watu, mambo ya kila siku. Akauliza nani amefanya. Akaonyeshwa Lubaki, mtu wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na Lubaki akahamisha ukuta kwenye karatasi. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na 1930 Genève. Kasai hakuna tofauti kubwa: Djilatendo, aliyekuwa mshonaji nguo, naye alitoka kwenye ukuta akaingia kwenye karatasi kwa njia ile ile.

Munaona mfuatano wake? Karatasi ilimfikia Lubaki baadaye, wakati alikuwa tayari anajua kuchora. Mkono ulikuzwa na udongo. Vilevile ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na vipande vya ubao na rangi za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Basi nikaacha kulia. Vifaa vyangu vilikuwa hivi: kaye moja ya kurasa 100, biki ya buluu, kreyoni moja, na kipande cha makaa kutoka jiko la nkambo kwa ajili ya kivuli. Biki ni mwalimu mkali, maana haifutiki. Ukikosea unaona kosa lako linakaa pale likikutazama, na mstari unaofuata unauvuta kwa akili zaidi. Nawashauri waanzaji: miezi miwili ya kwanza gomu ibaki kwenye mfuko.

Hangar ya Élisabethville: kila mtu na mkono wake

Mwaka 1946, mjini Élisabethville (Lubumbashi ya leo), Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya kuchora. Watu waliiita Le Hangar. Njia yake ilikuwa ngeni: hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya za kunakili. Aliwaambia waangalie mimea, ndege, samaki, wadudu, na kila mtu atafute namna yake.

Watatu wanajulikana kuliko wengine. Bela Sara, aliyetoka upande wa Chad na alikuwa mtumishi wa Desfossés, alichora kwa ncha za vidole, rangi inakaa kama alama za nyayo. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914 akafariki 2007, alijaza picha zake ndege, samaki na nyoka, na nyuma yao vidoto na mistari midogo mpaka hakuna nafasi inayolala. Mwenze Kibwanga, 1925 mpaka 1999, alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vinavyokwenda pamoja, kama mtu anayesuka. Ukiona kazi zao tatu pembeni kwa pembeni hutahitaji kusoma sahihi. Karakana moja, mwalimu mmoja, mikono mitatu.

Lakini tusimsifu Desfossés bila kuuliza. Yeye alikuwa mgeni aliyeamua ni kitu gani ni "cha Afrika" na ni kitu gani kitaharibu wanafunzi wake. Kumnyima mtu kitabu ili abaki safi ni namna ya kumlinda, na pia ni namna ya kumfungia. Mwaka 1951, Laurent Moonens alifungua mjini humo humo Academie des Beaux-Arts, ambapo watu walisoma kuchora kwa mpangilio wa shule. Desfossés alipofariki 1954, karakana yake ikaishia humo, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu kwenye Academie. Yaani wale waliofundishwa "msinakili" ndio waliokuja kusimama mbele ya darasa.

Mimi nimechukua kote kuwili. Siku tatu kwa wiki nanakili: picha ya gazeti, mkono wa Mwenze kwenye picha ya telefone, sanamu ya Kitabwa. Kunakili kunakufundisha mwenzako alitatua shida namna gani. Siku tatu nachora kitu kilicho mbele yangu: sandali ya plastiki, sufuria, ndagala kwenye sahani kabla mama hajazikaanga. Siku ya saba napumzika, au nachora bila kupanga. Anayenakili tu atakuwa mashine ya fotokopi. Anayekataa kunakili kabisa atatumia miaka kumi kugundua kitu ambacho jirani angemwonyesha kwa dakika kumi.

Ziwa linafundisha umbali

Kuna kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa Kalemie anacho na wa Kinshasa hana: mstari mrefu ulionyooka, kutoka upande mmoja wa macho mpaka mwingine. Nenda pwani asubuhi, kaa kwenye mchanga. Pale maji yanapokutana na anga, mstari ule uko sawa na kimo cha macho yako. Simama: mstari umepanda na wewe. Panda mlima nyuma ya mji: umepanda tena. Mstari huo ndio msingi wa kuchora umbali wote. Kitu kilicho juu ya macho yako, mistari yake inashuka kuuelekea. Kilicho chini, mistari yake inapanda kuuelekea.

Baada ya ziwa, nenda kwenye reli. Simama fasi ya salama pembeni, utazame vile vyuma viwili vinavyokwenda vikikaribiana mpaka vinakuwa kimoja. Vinakutana wapi? Kwenye mstari ule ule. Nilipoelewa hili nilikaa chini nikacheka peke yangu. Babu yangu alitembea juu ya somo lile miaka yote ya kazi yake.

Kwa vipimo, nyoosha mkono mpaka mwisho, funga jicho moja, shika kreyoni wima. Pima kwa kidole gumba: mlango ni urefu gani? Ukuta unaingiza milango mingapi? Mchoraji mwanzoni hakosi sana kwenye umbo, anakosa kwenye uwiano. Ukipima kitu kimoja na kuvilinganisha vingine vyote na hicho, nusu ya makosa inaondoka.

Tshibumba, na neno ukumbusho

Sasa nifike kwa mtu aliyenigusa kuliko wote. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga na kuuza picha zake nyumba kwa nyumba katika miji ya migodi. Miaka ile, ndani ya saluni za watu wa Katanga, ukutani ulikuwa unakuta picha ambazo ni zile zile: Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na hatari, Colonie Belge, mfungwa analala chini, askari anapiga fimbo, na bwana mkubwa anaangalia. Watu walikuwa na neno la picha hizo: ukumbusho. Picha inayokuzuia kusahau, na inayokufanya useme.

Mchoraji wa namna hiyo alichora Colonie Belge mara mingi sana, kwa sababu wateja waliitaka. Wasomi wengine wanadharau: ni kurudia tu. Lakini tuangalie kwa jicho la anayejifunza. Mtu anayechora picha moja mara hamsini, na kila mara anataka mteja airidhie, huyo yuko shuleni kila siku. Mimi nimechora ile nyumba mara kumi na tisa. Ya kumi na tisa haifanani na ya kwanza ata kidogo.

Mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa anafundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba alijiona ni mwanahistoria, na akaomba nafasi ya kuionyesha historia yote ya nchi. Mpaka 1974 alikuwa amechora picha karibu mia moja: mababu, Msiri, wakoloni, mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière uliomalizwa kwa risasi Desemba 1941, Lumumba, na kuendelea. Kwa kila picha walikaa wakazungumza, kifaa cha kurekodi kinazunguka, na lugha waliyotumia ni Kiswahili, kile chetu cha huku. Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea, na hakuonekana tena.

Nilisoma habari hizi nikakaa kimya. Miaka yangu yote ya chuo niliambiwa vyanzo vya historia ni nyaraka na masimulizi. Hapa kuna mtu aliyeonyesha mlango wa tatu: chora, weka mbele ya watu, kisha sikiliza.

Nyumba ya kumi na tisa

Wakati naandika memwari yangu nilijaribu kumhoji nkambo juu ya maisha ya wafanyakazi wa reli. Niliweka telefone mbele yake, nikauliza maswali yangu kwa mpangilio. Akajibu: "Tuliishi vizuri." "Tuliteseka kidogo." "Ndiyo." Nilitoka na dakika kumi na moja, na nusu yake ni kikohozi.

Mwezi uliopita nilimletea mchoro wa kumi na tisa. Nilikuwa nimekwenda mara mingi kwenye zile kuta zilizobaki, nikapima kwa kreyoni, nikachora msingi unavyoonekana, nikakisia yaliyoanguka kutoka kwenye nyumba ya jirani iliyojengwa namna moja. Niliuchora mkubwa, kwa makaa, mistari minene ili macho yake yaipate. Hakukuwa na jua kwenye kona.

Akauweka kwenye mapaja. Akaanza kupitisha kidole: ukuta, dirisha, barza. Kidole kikasimama.

"Hapa umekosa. Mwembe ulikuwa huku, si kule. Kule babu yako alikatakata miti akaweka kinga yake."

"Kinga?"

"Baiskeli yake! Unafikiri alikuwa anaiacha inje? Ile ndiyo alinunua wakati ule tulikosa mshahara miezi mitatu, wakamlipa yote siku moja. Mimi nilitaka masufuria."

Akaendelea. Mlango wa nyuma ulipigwa kwa mguu usiku gani, na nani alijificha juu ya dari. Mtoto gani alizaliwa kwenye chumba cha kushoto, kabla ya mama yangu, ambaye sikuwahi kusikia jina lake. Nilikuwa nimesahau kuwasha telefone. Nilichukua biki nikaandika pembeni ya mchoro, kuzunguka nyumba yote, mpaka karatasi ikajaa. Kosa langu la mwembe limenipa mambo ambayo maswali yangu yote sahihi hayakunipa.

Sasa nafanya mchoro wa ishirini, mwembe ukiwa fasi yake. Naharakisha, maana asubuhi nyingine ananiuliza kama taa imewashwa wakati dirisha liko wazi.

Kwa wanaotaka kuanza kesho

Sina diploma ya sanaa, kwa hiyo pokeeni haya kama ya mwenzenu. Dakika ishirini kila siku zinashinda saa tano za Jumapili. Wiki mbili za kwanza: safu za balamwezi, mistari mirefu kwa bega, na noti iliyogeuzwa. Wiki mbili za pili: kitu kimoja cha nyumbani kila siku, kwa biki, ukiangalia kitu zaidi kuliko karatasi. Mwezi wa pili: pima kwa kreyoni, tafuta mstari wa ziwa, chora makaa ya kivuli upande usio na mwanga tu. Mwezi wa tatu: chagua kitu kimoja unachokipenda au unachoogopa kukipoteza, ukirudie mpaka mtu anayekijua akisahihishe. Andika tarehe kila ukurasa, na usichane hata mmoja. Siku utakayosema "siendelei mbele", fungua ukurasa wa kwanza.

Na ombi moja. Ziwa limechukua nyumba nyingi hapa kwetu, na picha nyingi zimekwenda na maji. Wazee waliokaa ndani yake bado wako. Kila mmoja wetu achore nyumba moja, hata vibaya, ampelekee mwenyewe, amwulize: nimekosa wapi? Na safari hii kumbukeni kuwasha telefone.